Sauti Isiyovuta Pumzi

Mwanamke yule alitoka kwenda kunywa maji tu. Hakwenda mbali wala hakukawia: ngazi tatu, kona, bomba, glasi moja, akarudi. Alimkuta fundi wa sauti kavaa hedifoni zake, kichwa kinamcheza kwa raha kama mtu aliyeongezewa nyama asiyoiomba.

"Dada, leo umeamka nayo," fundi akasema. "Pacha imelala juu ya mwenzake kama kifuniko na sufuria. Tuingie wimbo unaofuata."

"Pacha gani? Sijaiimba bado. Nilikuwa bombani."

Sasa, kwa wale ambao kama mimi walidhani mtu huingia studio, akaimba, akaenda zake nyumbani: sivyo. Muziki wa roki, huu wa magitaa yanayonguruma na dramu zinazopigwa kana kwamba zimemkosea mtu, unataka sauti nene. Kwa hiyo mwimbaji anaimba ubeti, kisha anaurudia vilevile, neno kwa neno, na sauti hizo mbili zinalazwa pamoja. Ile ya pili wenyewe huiita pacha. Na pacha ya wimbo ule ilikuwa imeshaingia mtamboni, nzima, kibwagizo na yote, wakati mwenye mdomo anafuta maji kidevuni.

"Uliingia, nikasikia, nikarekodi," fundi akasema. Yeye hakuona kitu. Meza yake ya mitambo ilikuwa imewekwa siku ya kuhamia, ikakipa mgongo kioo cha chumba cha kuimbia, na ni nzito kiasi kwamba hakuna aliyekubali kuvunjika kiuno ili aigeuze. Kazi yake aliifanya kwa masikio.

Aliyekuwa na macho ni mume. Huyo alikaa kwenye kochi lililochanika, gitaa mapajani, uso umeelekea kioo. Watu walimwita Nyuzi. Mkewe walimwita Ngurumo, na aliyewahi kumsikia akiimba hakuuliza kwa nini.

"Eti mume wangu, umeniona nikiingia humo?"

Nyuzi akakaza uzi mmoja wa gitaa, ambao haukuwa umelegea. "Umeimba, mke wangu. Umechoka tu, ndiyo maana unasahau. Hebu kaa kidogo."

Akaamini. Miaka kumi na minane ya ndoa, usipoamini utaishije ndani ya nyumba?

Studio yao ilikuwa chini ya daktari wa meno. Msicheke. Keekee ya daktari, ile mashine ya kutoboa meno, mlio wake ulikuwa unapita sakafuni na kuingia kwenye vipaza sauti, zzzz, katikati ya wimbo wa mapenzi, kwa hiyo sauti ya mwimbaji ilirekodiwa saa moja tu kwa siku: saa saba mpaka saa nane mchana, daktari akienda kula. Jengo zima linanyamaza, jua limesimama utosini, kivuli cha mtu kimejificha chini ya nyayo zake. Watu huogopa usiku bure. Wanaojua wanaogopa saa hiyo.

Chumba chenyewe cha kuimbia kilikuwa stoo zamani. Magodoro manne yamepigiliwa misumari ukutani, taa moja, kipaza sauti kimening'inia kama popo, kioo mbele. Ndani hakukuwa na dirisha hata la kupitisha kidole.

Hii ilikuwa albamu yao ya tatu. Mbili za kwanza zilikufa kabla ya kutambaa. Waliozisikia ni ndugu na wale ambao hawakuweza kukataa. Mpiga besi wao aliwakimbia akaenda kuuza bima, Nyuzi akawa anapiga besi na gitaa vyote viwili. Walibaki watatu: Nyuzi, mkewe, na mpiga dramu aliyeitwa Bonge, mtu mpole mwenye mwili wa kabati. Ngurumo alikuwa na miaka arobaini na moja. Hakuzaa, hakurithi, hakusoma sana. Alichopewa na Mungu ni ile sauti, na aliibeba mjini kama mwingine anavyobeba mtoto mgongoni.

Basi ikaanza kupungua.

Mara ya kwanza ilikuwa asubuhi, dirishani. Kila siku alikuwa anamwita muuza mikate akiwa mwisho wa mtaa, na yule bwana anageuka huku akiziba sikio kwa utani. Siku hiyo alimwita mara tatu, na muuza mikate akakata kona na baiskeli yake. Akadhani ni mafua. Wimbo wa tatu ulipokwisha, noti ya juu ikamkatalia. Wimbo wa tano ulipokwisha, Bonge alitoa kichekesho kuhusu mjomba wake anayekoroma hadi mbwa wa jirani wanamjibu. Ngurumo akacheka, mdomo ukafunguka, mabega yakatikisika, na hakikutoka kitu. Ilikuwa kama kumwona mtu anacheka nyuma ya kioo.

Na kila mchana kulikuwa na harufu. Si mbaya, ndiyo ubaya wake: harufu ya utambi uliozimwa sasa hivi, mahali ambapo hakuna taa ya mafuta wala aliyewahi kuwasha. Ilitoka kwenye magodoro.

"Hiyo ni nyaya za zamani," Nyuzi alisema.

"Nyaya zinanuka mafuta ya taa?"

"Mke wangu, imba."

Aliyefungua macho kwanza ni Bonge, na mwenyewe ndiye aliyenihadithia. Alikuwa amesahau miwani yake kwenye dramu, akarudi saa saba na robo, fundi katoka kununua betri, hakuna mtu, na aliposhuka ngazi akamsikia shemeji yake Ngurumo anaimba kule ndani, kibwagizo cha wimbo wa saba, anakiimba vizuri kuliko alivyowahi kukiimba, kwa hiyo akatembea kwa vidole asimkatishe, akafika mlangoni, akaweka mkono kwenye kitasa, kitasa kikawa baridi kama kimetolewa kwenye barafu, na hapohapo nyuma yake mtu akamgusa bega na kumnong'oneza, "Bonge, miwani yako ninayo mimi," akageuka, na aliyesimama pale na miwani mkononi ni Ngurumo mwenyewe, na kule ndani Ngurumo bado anaimba.

Walisimama hivyo, mtu mkubwa kama kabati na mwanamke mwembamba, wameshikana mikono kama watoto.

"Unaisikia?" Bonge akanong'ona.

"Naisikia."

"Shemeji, hiyo ni sauti yako."

"Najua ni yangu. Wiki ya tatu hii naitafuta."

Wakaondoka kinyumenyume. Bonge hakurudi tena. Nyimbo mbili za mwisho dramu zake walizitengeneza kwa mtambo. Ngurumo alipomweleza mumewe, Nyuzi alimshika mashavu kwa mikono miwili, akamtazama kwa huruma ambayo mpaka leo akiikumbuka anatema mate. "Zimebaki nyimbo mbili. Tumalize, nikupeleke kwa daktari wa koo. Naahidi."

Akampeleka kweli. Daktari akachungulia na taa yake, akasema koo ni safi kama la mtoto. Wakati huo Ngurumo alikuwa anaongea kwa mnong'ono.

Albamu ikatoka. Nyimbo tisa. Na safari hii haikulala dukani, la, ilitembea. Kinyozi anaipiga, fundi viatu anaipiga, wanafunzi wanaimba kibwagizo wakivuka barabara. Watu ambao roki kwao ni makelele ya kuwatisha kuku walikuwa wanasimama katikati ya njia wakisikiliza ile sauti. Majirani waliokuwa wanamlalamikia Ngurumo akifanya mazoezi sasa wanamsalimu kwa majina ya heshima, na mmoja, ambaye simtaji lakini anajijua, alidai ndiye aliyemfundisha kuimba.

Nyuzi akaitwa redioni. Mkewe alikuwa jikoni, kitambaa cha vyombo mkononi, akiwasikiliza.

"Mwenzako hakuja?" mtangazaji akauliza.

"Anatunza sauti. Tuna ziara ya maonyesho kumi na mawili."

"Nikwambie kilichonishangaza," mtangazaji akasema. "Nimesikiliza albamu nzima mara nne. Waimbaji wote unawasikia wakivuta pumzi kabla ya kupandisha. Huyu simsikii hata mara moja. Mwanamke huyu hachoki?"

Nyuzi akacheka. "Hachoki, ndugu yangu."

Kitambaa kikaanguka. Ngurumo alivaa hedifoni za mumewe, zile nzuri alizokatazwa kuzigusa, akasikiliza wimbo wa kwanza hadi wa tisa. Katika albamu zile mbili zilizokufa, kabla ya kila kibwagizo unamsikia anavuta hewa, hhhh, kama mtu anayejiandaa kuruka mtaro. Fundi wa zamani alikuwa anaikata, yeye anagombana naye airudishe. Humu haikuwemo popote. Hapo akaelewa kwamba pacha haikulazwa juu ya sauti yake. Sauti yake ilikuwa imetolewa yote, na kilichobaki kwenye albamu yenye picha yake ni kile kingine peke yake. Na kitu kama hicho hakijitoi. Mtu hukaa mezani na fundi, wimbo kwa wimbo, akasema: hii acha, hii toa.

Alikwenda kwa shangazi yake. Shangazi huyu alikuwa mganga, bibi mfupi mwenye kikohozi na ulimi mkali, aliyetibu watu barazani kwake huku akichambua mchele.

"Kiumbe wa namna hiyo haimbi kwa watu bila kuombwa," shangazi alisema bila kuinua macho. "Lazima aitwe mara tatu na mtu mwenye mamlaka juu ya kinachochukuliwa. Nani alimwita?"

Ngurumo akatikisa kichwa.

"Hujui, au hutaki kujua? Haya. Huyo fundi wenu, hufuta anachorekodi?"

Fundi alikuwa hafuti. Huo ndio ulikuwa ugonjwa wake. Alihifadhi hadi sauti za watu wakipiga chafya. Shangazi alipomsimamia na fimbo yake mezani, jasho likamtoka, akafungua rekodi ya siku moja kabla ya yale maji. Aliiacha mashine inazunguka akaenda kula.

Kwanza ilikuwa kimya cha chumba kitupu. Kisha kitufe kikalia, kile cha kuongea na aliye nyuma ya kioo, na sauti ya Nyuzi, taratibu, kama mtu anayembembeleza paka:

"Nimekusikia jana. Nimekusikia na juzi. Imba tena."

Ikaimba. Mstari mmoja, sauti ya Ngurumo, lakini Ngurumo wa miaka ishirini na tano.

"Tena."

Ikaimba.

"Tena. Mungu wangu. Tena."

Halafu ile sauti ikauliza, bila kuvuta pumzi, "Na mwenyewe?"

Unasikia kochi likilia.

"Mwenyewe ameshakwisha," Nyuzi akasema. "Miaka miwili hii namtungia nyimbo za chini asijue. Chukua iliyobaki. Ila usimuumize."

Ngurumo alikuwa amekaa wima. Alipofika kwenye lile neno, usimuumize, akacheka kile kicheko chake kisicho na sauti, mpaka machozi yakamtoka.

"Na wewe," shangazi akamgeukia fundi, "ulikuwa hujui?"

"Nilijua wiki ya pili, mama," fundi akasema, akiangalia viatu vyake. "Nikajiambia hayo ni mambo ya mume na mke."

"Mambo ya mume na mke! Mtu anakatwa koo, wewe unaheshimu ndoa."

Shangazi hakuwa na maneno mengi baada ya hapo. Aliyeita ndiye anayefukuza, alisema. Aje kwenye chumba kilekile, saa ileile, abonyeze kitufe kilekile, aseme "imetosha" mara tatu. Sauti ya Ngurumo itarudi kooni kwake. Lakini kiumbe kikitoka kitatoka na chake: nyimbo tisa zitanyamaza kila zilipo, kwa kinyozi, kwa fundi viatu, redioni. Zitabaki gitaa na dramu.

Nyuzi alikuja. Nasema haki yake: alikuja kwa miguu yake, alilia, alipiga magoti mbele ya mkewe kwenye lile zulia la studio. "Nilikuwa naogopa," alisema. "Tungekufa bila mtu kutujua, mke wangu."

Ngurumo akamwelekeza kidole kwenye kitufe.

Saa saba. Keekee ya daktari ikanyamaza juu, viatu vyake vikatoka, mlango ukafungwa. Harufu ya utambi ikatanda. Nyuma ya kioo taa ikafifia, na godoro la ukutani, lile la katikati, likaanza kubonyea polepole kana kwamba mtu ameliegemea.

"Imetosha," Nyuzi akasema kwenye kipaza.

Ngurumo akashika koo. Kulikuwa na joto. Alisikia kitu kikimtekenya, kama mwiko unaokoroga chini ya sufuria.

"Imetosha."

"Aa," Ngurumo akasema. Aa tu, lakini ilikuwa ya kwake, nene, na vioo vya mitambo vikatetemeka. Shangazi akamshika mkono. Imebaki moja, imebaki moja, na Nyuzi amebonyeza kitufe, midomo imefunguka, na hapo ndipo kile kiumbe, ambacho si kijinga, kikaanza kuimba. Hakikuimba wimbo wowote wa albamu, kiliimba mpya, wa kumi, ambao hakuna masikio yaliyowahi kuusikia, kikauimba taratibu, kwa upole, kikaupandisha, kikaupandisha tena bila kupumua, na uso wa Nyuzi ukabadilika, akasahau chumba, akasahau shangazi, akasahau mwanamke aliyesimama hatua mbili kutoka kwake akiwa ameshika koo lake kwa mikono miwili kama ameshika kikombe kilichojaa hadi juu, na machozi yakamtiririka, akainamia kipaza, akasema:

"Tena."

Joto likatoka kooni kama mtu aliyefunguliwa mlango.

Shangazi alikusanya vitu vyake bila haraka. "Huyo basi tena," alisema. "Sasa hata akisema imetosha mara mia, hakimsikii. Wewe, mwanangu, kimekubakizia pumzi ya neno moja. Haitakurudishia sauti. Lakini wewe uliyeibiwa kinakutambua, na neno lako kitalitii. Siku kitakapomgeukia mumeo, maana kwako kimemaliza na lazima kitafute chakula kwingine, neno hilo ndilo litakaloweza kumtoa. Usilitumie ovyo."

Ngurumo alihamia barazani kwa shangazi. Akawa anachambua mchele. Wagonjwa wakija wanamwona mwanamke mnyamavu, hawajui kwamba wimbo unaopigwa kwenye simu zao una picha yake. Neno lake alilitunza. Hata alipojikata kidole hakusema "lo".

Ziara haikufanyika. Habari alileta Bonge, miezi mitatu baadaye. Nyuzi hatoki studio. Amekonda, akipanda ngazi tatu anakaa chini kutafuta hewa. Fundi amekimbia. Daktari wa meno amehama, kwa hiyo jengo liko kimya kutwa nzima, si saa moja tena. "Shemeji," Bonge akasema, "sipendi ufanye lolote kwa ajili yake. Ila ni mtu."

Akaenda. Peke yake, saa saba.

Mambo yalikuwa yamegeuka. Aliyekuwa nyuma ya kioo, ndani ya ile stoo, ni Nyuzi, amekaa chini na gitaa, vidole vimefungwa matambara yaliyolowa damu. Na kwenye meza ya mitambo, mahali pa fundi, kiti kilikuwa kitupu, kimebonyea. Kitufe kikajibonyeza chenyewe.

"Tena," ikasema sauti ya Ngurumo.

Nyuzi akapiga. Akafika mwisho, akahema kama aliyetolewa majini.

"Tena."

Aliinua macho akamwona mkewe. Akatambaa hadi kwenye kioo, akakipiga kwa viganja, akaacha alama mbili nyekundu. Sauti yake haikupita kioo, lakini midomo yake ilisomeka vizuri. Sema imetosha. Mke wangu, sema imetosha. Alijua kuhusu lile neno. Watu hawafichi kitu mji huu, na mimi sisemi nani alimwambia.

Ngurumo akasogea mezani. Kiti kitupu kikajivuta pembeni kumpisha, kwa adabu. Alimtazama mumewe muda mrefu: mashavu, nywele, yale macho yaliyokuwa yanatazama kioo siku ya maji. Akaweka kidole kwenye kitufe. Nyuzi akafunga macho kwa shukrani, paji la uso juu ya kioo.

Akavuta pumzi, hhhh, kama mtu anayejiandaa kuruka mtaro.

"Tena," akasema.